Kuku wa Mama Byron

Sulaimani hakutokea Jumamosi ile, na mkaa ulikuwa umeshakolea.

Kila asubuhi mzee huyo alipita Kamwokya na kisu chake ndani ya ala ya ngozi, akiwachinjia wachoma nyama wa kandokando ya barabara. Wakristo kwa Waislamu, wote walimngoja yeye. Hapa Kampala jambo hilo halijatungiwa sheria, lakini hata harusi ikiwa ya kanisani ng'ombe huchinjwa na Mwislamu, ili jirani yeyote atakayefika ale, asibaki kuitazama sufuria kwa macho. Ni adabu ya zamani. Imewaweka watu pamoja kuliko hotuba zote za amani zilizowahi kutolewa kwenye vipaza sauti.

Moreen aliijua adabu hiyo, lakini hakuzaliwa nayo. Kwao Siaya, ng'ambo ya mpaka, mgeni akiingia, mama mwenye nyumba hukamata kuku akamchinja nyuma ya jiko, mambo yakaisha. Hakuna anayemuuliza. Mumewe, Oketch, alikuwa amekwenda Kikuubo kununua mafuta ya kupikia kwa bei ya jumla. Vijana wa bodaboda walikuwa wameshaagiza.

"Mama Byron, leo tumefunga ama?" mmoja alipiga kelele kutoka stejini, penye pikipiki zao.

"Ngojeni kidogo. Mzee hajafika."

"Ukichelewa zaidi, sisi ndio tutakuwa wazee!"

Wakacheka. Moreen akatazama barabarani, akautazama mkaa unavyoanza kuvaa majivu. Kisha akaingia nyuma ya nyumba na kuku watatu waliofungwa miguu, akafanya kama alivyomwona mama yake akifanya.

Hakuwa na nia mbaya. Lakini nia haionekani kwenye sahani.

*

Taqwa, binti wa jirani, alikuwa akianua nguo. Aliona, na alipomaliza kazi akamwambia mama yake kama mtoto anavyosimulia habari yoyote. Mama yake, Mwanawetu, hakupiga ukelele wala hakuita mtu. Alijitanda mtandio, akavuka uchochoro mpaka penye jiko la Moreen.

"Mama Byron, Taqwa ananiambia umechinja mwenyewe. Ni kweli?"

Moreen angeweza kukana. Akaangalia makoleo yaliyokuwa mkononi mwake.

"Ni kweli, dada. Mzee hakuja, na hawa wakanikazania..."

"Nani ameshakula?"

"Usama na wenzake wawili, hapo stejini. Kuku wengine bado wako motoni."

"Waondoe motoni. Halafu twende ukawaambie."

"Mimi? Si ungewaambia wewe? Usama ni mtoto wenu."

"Wakisikia kwangu utakuwa umbea. Wakisikia kwako litakuwa kosa, na kosa huombewa radhi."

Wakaenda. Usama, mtoto wa kaka yake mume wa Mwanawetu, alikuwa amekalia pikipiki yake akiguguna paja. Moreen aliposema, kijana alitema, akasukutua mdomo kwa maji ya chupa mara nyingi, uso umemwiva.

"Yaani Mama Byron, umenilisha hivihivi tu?"

"Nimekosa. Nisamehe."

"Mimi sikujua, na asiyejua hana dhambi. Baba mdogo ndivyo anavyotufundisha. Lakini wewe ulijua."

"Nilijua."

Usama akamtazama. Mama huyu alikuwa akimkopesha chakula siku asizopata abiria. Alimjua.

"Basi isirudiwe. Na chai ya wiki hii silipi."

"Hulipi."

"Na mimi pia silipi," akadakia mwenzake.

"Wewe Mkatoliki, umelishwa nini?"

"Nimelishwa huzuni ya rafiki yangu!"

Kicheko kikawatoka bila kupenda. Hapo ndipo jambo lingeishia. Mtu amekosa, amesema, aliyekosewa amesikia. Watu wameishi hivyo katika mji huu miaka na miaka, bila semina.

*

Lakini barabara ilikuwa imetiwa lami.

Oketch alipohamia pale kwenye kona, kabla ya lami, palikuwa jaa la taka. Yeye ndiye aliyezoa maganda ya matoke na mifuko ya plastiki, akamwaga kifusi, akasimamisha jiko lake: nusu pipa lililochomelewa miguu ya chuma. Wakati huo hakuna aliyemuuliza kabila lake. Hakuna anayeuliza kabila la mtu anayezoa taka. Lami ilipofika na kona ikawa njia panda ya watu wote, ndipo wengine walipogundua kwamba Oketch ni Mkenya, na kwamba ni Mjaluo.

Wa kwanza kugundua alikuwa Erinayo, mwenyekiti wa kamati ya wachuuzi wa barabara ile. Mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye kupenda kukushika bega anapokudhulumu. Habari ya kuku ilimfikia akinywa chai, na kikombe hakukimaliza.

"Banange!" alisema, kwa sauti ya kutosha meza tatu. "Wakenya wanalisha Waislamu yetu haramu!"

Waislamu yetu. Mtu yule hakuwahi kuwasalimu hata siku ya Idi.

Adhuhuri nyama ilikuwa ya kuku. Ilipofika sokoni ilikuwa nguruwe, na iliporudi kutoka sokoni ilikuwa mbwa. Alasiri kundi likaja. Wengi wao hawakuwa Waislamu, wala hawakuwahi kula pale hata siku moja. Walikuja na hasira ya kuazima, na hasira ya kuazima haina huruma na mali ya mtu. Jiko lilipinduliwa, mkaa ukamwagika kwenye lami mpya, mguu mmoja wa chuma ukapinda. Sahani zilivunjwa, ila zile nzuri hazikuonekana tena.

Oketch aliwakuta wakitawanyika, yeye na jerikeni la mafuta begani.

"Nani amefanya hivi?"

"Watu," akajibu mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi.

"Watu gani? Watu wana majina."

Mwanamke akazipanga ndizi zake upya.

Erinayo akatokea, akamshika bega. "Mzee Oketch, mimi nakupenda kweri kweri. Lakini watu iko na hasira. Kwa ajiri ya amani, funga kwanza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka hasira itulie."

"Na nani anaipima?"

"Kamati."

"Kamati ni nani?"

"Si mimi na wenzangu?"

Halafu, kwa ajili ya amani hiyohiyo, akavuka barabara kumwonya Khaemba, Mbukusu kutoka Kenya auzaye viatu vya mtumba, naye apumzike kidogo.

"Mimi nauza viatu!" Khaemba akapaza sauti. "Viatu navyo vimechinjwa na nani?"

"Ssebo, usijifanye mjanja. Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

*

Siku zilizofuata nyumba ya Oketch ilijifunza jinsi mtu anavyofanywa mgeni akiwa palepale alipo. Bombani, jerikeni la Moreen lilitolewa kwenye foleni likawekwa mwisho, na alipolirudisha, mwanamke aliyekuwa akicheka naye wiki iliyopita akalisukuma kwa mguu.

"Kwenu hakuna maji?"

"Kwangu ni hapa, mama."

"Hapa ni kwetu. Sisi tulipokea nyinyi."

"Ulinipokea wewe? Mimi nililipa kodi ya nyumba siku ya kwanza."

Shuleni watoto walikataa kikombe alichonywea Byron. Alirudi akauliza kama ni kweli Wajaluo hula mbwa. Oketch alitaka kucheka ikashindikana. Aliinuka akatoka nje, akasimama akiutazama ukuta wa jirani kama aliyesahau jambo.

"Ni mimi nimewaletea haya," Moreen alisema aliporudi.

"Wewe umechinja kuku watatu. Hawa wanachinja nyumba."

"Ningemngoja Mzee Sulaimani."

"Mzee Sulaimani alikuwa amelazwa Nsambya, tumesikia jana. Ungemngoja mpaka lini?" Akaketi kando yake, "Ungeniita. Ningekwambia tuwauzie soda tu. Hilo ndilo kosa lako, na liko na ukubwa wake. Hili lingine si lako."

*

Kamati iliita mkutano kwenye uwanja mdogo nyuma ya soko. Erinayo alisimama mbele, kitambaa cha jasho shingoni. Alizungumza juu ya umoja, juu ya ukarimu wa wenyeji, juu ya wageni wasiojua shukrani.

"Sisi siyo watu ya kufukuza mtu," alisema. "Lakini mahali ya kupika, pale barabarani, wacha iwe ya watu ya hapa. Wageni wanaweza kwenda ndani ndani huko. Ni kwa ajiri ya usalama yao wenyewe!"

Usama akasimama kabla ya kuitwa.

"Mwenyekiti, ile nyama nilikula mimi. Mama Byron alikuja akaniambia mwenyewe, nikasikia, yakaisha. Sasa hasira yangu nani amekupa uitumie?"

Watu wakaguna. Erinayo akatabasamu.

"Kijana, kaa chini. Sisi tunakutetea, na wewe unatupigia kelele?"

"Sikukutuma unitetee!"

"Mukarishe huyo. Ni mtoto." Kisha akageuka. "Mwalimu Tajudin yuko hapa. Yeye ni mkubwa wa dini. Mwalimu, si Waislamu wamekosewa?"

Tajudin, mume wa Mwanawetu, alifundisha watoto Kurani asubuhi na kuuza vitambaa mchana. Babu yake alikuja na wafanyabiashara kutoka pwani, akazikwa hapahapa Kampala. Baba yake pia. Na bado kila mpita njia akisikia Kiswahili chake humuuliza kwao ni Mombasa au Unguja. Alisimama, akatazama nyuso. Aliona kwamba neno moja la kumtetea mgeni lingewakumbusha kwamba hata yeye ana mahali pa kurudishwa.

"Wamekosewa," akasema. "Kuchinja kuna utaratibu wake."

Lilikuwa neno la kweli. Akalisema nusu, nusu ya pili akaimeza, akaketi. Makofi yalipigwa. Moreen alikuwa nyuma kabisa, akimtazama.

Nyumbani Mwanawetu hakumwekea chakula. Alikaa mlangoni.

"Umesema kweli, mume wangu."

"Nimesema kweli."

"Mbona basi yule mwizi Erinayo amekupigia makofi?"

Tajudin akavua kofia, akaifuta vumbi lisilokuwepo.

"Wewe hujui hawa watu wakichemka."

"Nawajua. Ulinyamaza ili wasikukumbuke. Wakimaliza kwa Oketch, unadhani watasahau njia ya kuja hapa? Ati samaki mmoja akioza! Samaki hawajui kuomba radhi. Mama Byron alikwenda akaomba, nikiwa nimesimama naye. Wewe ulijua, ukakaa."

Tajudin akaivaa tena kofia.

*

Haikupita wiki, kona ikapata mtu. Kilikuja kibanda cha bati kilichopakwa rangi ya manjano, chenye sanduku la kioo na balbu ndani yake, na nyuma ya kioo vipande vya kuku vya kukaanga vikimetameta. Mwenye kibanda aliitwa Ogwal, mtu wa kaskazini, kutoka Lira, mpole, mgeni wa mtaa ule. Alifungua asubuhi, na kufikia saa ya chakula foleni ilikuwa ndefu. Walikuwamo waliopindua jiko. Alikuwamo mwanamke wa bombani. Alikuwamo hata Usama, kwa maana hasira haishibishi.

Moreen alipita na jerikeni la maji. Alikuwa amejiapiza kupita bila kugeuka. Akageuka.

"Kaka, habari ya kazi."

"Nzuri, dada. Nikupe ngapi?"

"Sitaki. Nauliza tu. Kuku hawa wamechinjwa na nani?"

Ogwal akakuna shavu. "Mimi nawanunua kwenye maboksi, dada. Wanakuja wamegandishwa, wamekatwa tayari."

"Aliyewachinja ni nani?"

"Nitajuaje?"

Foleni ikaacha kusogea. Usama alikuwa ameshang'ata. Aliushusha mkono taratibu, akautazama mfupa.

"Mimi nina mkosi gani na kuku, jamani?" akasema.

Mmoja akacheka, mwingine akatema. Yule mwanamke wa bombani akafunika sahani yake kwa kiganja. Na hapo, kutoka katikati, sauti ya mmoja wa walioongoza kundi la Jumamosi ikapanda:

"Kumbe! Hawa watu ya kaskazini nao! Si wamezoea kula kila kitu huko msituni?"

"Na huyo Mujaluo ni ndugu yao, lugha ni moja!"

"Toka hapo! Rudi kwenu!"

Mtu akapiga kibanda kwa ngumi. Ogwal akavuta kioo akifunge, kikakwama, akakivuta tena kwa mikono miwili. Moreen aliijua hofu ile. Angeweza kuondoka. Kona ilikuwa inamrudia yenyewe, bila yeye kunyanyua kidole. Wangemsafishia mahali kama walivyomsafishia Ogwal.

Akalitua jerikeni, akasimama mbele ya kioo.

"Simameni hapo! Mimi nimemuuliza kwao? Nimeuliza kuku!"

"Wewe unamtetea?"

"Kabila lake halijachinja kitu. Kama amekosa, amekosa yeye, na mdomo anao, atajibu. Mimi nilikosa, na nilijibu. Nani kati yenu alinisikiliza?" Sauti ilimpasuka. "Wewe, ulikula kwangu lini mpaka ukaja kunipindulia jiko? Wewe mama, sahani zangu za maua ulizibeba ukale nini ndani yake? Kuku wangu watatu waliwatia uchungu wa dini. Hawa walioganda, wasiojulikana hata nchi walikotoka, mnapanga foleni!"

Erinayo alikuwa anakuja kwa haraka, kitambaa mkononi.

"Wewe mama! Tena umeleta fujo?"

"Ameuliza swali, mwenyekiti."

Alikuwa Tajudin. Alikuwa ametoka dukani bila viatu, utepe wa kupimia vitambaa ukimning'inia shingoni. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Na mimi nauliza. Jumamosi ile ulikuwa na uchungu na dini yangu kunishinda mimi mwenyewe. Leo uchungu umekwenda wapi?"

"Mwalimu, hii ni mambo ya kamati..."

"Siku ile mkutanoni nilisema Waislamu wamekosewa. Sikumaliza. Waliokosewa waliombwa radhi siku ileile, wakakubali. Nilijua, nikanyamaza. Nimemaliza sasa."

Erinayo akanyoosha mkono kumshika bega. Tajudin akarudi nyuma hatua moja, mkono ukabaki hewani.

Ndipo Ogwal alipotoa kichwa dirishani.

"Mwenyekiti, wewe uliniambia hapa ni pa wazi. Ulipokea pesa yangu mkononi. Ukasema mwenye kona amerudi Kenya."

"Amerudi Kenya?" Khaemba aliangua kicheko kutoka kwenye meza yake ya viatu. "Oketch! Umefika lini kutoka Kenya?"

Oketch alikuwa amesimama kando ya barabara, amekuja kutafuta mkewe. Watu wote wakamtazama, wakamtazama Erinayo, wakaanza kuangalia chini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wameligawa soko kwa makabila, wamemtukana mtoto shuleni, wamemnyima mtu maji, kumbe ni mtu mmoja ameuza kona ambayo si yake. Na wao ndio waliokuwa kisu chake, na hata kipande cha bure hawakupewa.

Hakuna aliyemkamata Erinayo. Watu wa namna yake hawashikwi shati. Watakuwa wenyeviti mpaka kesho kutwa. Na hakuna aliyeomba radhi. Walitawanyika mmojammoja, waliopindua jiko wakitangulia. Mwanamke wa bombani peke yake alisimama kidogo, akaitazama sahani yake, akaenda.

Oketch na Khaemba wakalileta jiko. Mguu uliopinda waliuwekea tofali. Ogwal akalivuta benchi lake upande, kisha akatoka akasaidia kusukuma kibanda kidogo, kwa kuwa kona ilikuwa pana, ilikuwa pana tangu mwanzo. Mwanawetu akaleta kuku wawili kutoka kwake, miguu imefungwa. Sulaimani alikuwa bado wodini. Tajudin akavua utepe shingoni, akakunja mikono ya kanzu, akawapokea.

Erinayo alikuwa bado amesimama juu ya lami, akijifuta.

"Mama Byron," alisema, sasa kwa upole wake ule, "kamati haijakaa."

Moreen alikuwa amechutama, akipuliza mkaa. Hakuinua kichwa.

"Ikikaa itanikuta hapa."